Sukari Ambayo Naetwe Hakula

Jumanne asubuhi mashine ilikuta tundu kwenye jino la nane la Naetwe, na kwa tundu hilo mama yake akawa amefikisha alama za kunyang'anywa mtoto.

Daktari Nakijwa Mchome aliyasoma matokeo kwenye kioo, akayasoma tena. Kitini, Naetwe, binti wa miaka saba mwenye masikio makubwa, alikuwa bado ameachama.

"Funga mdomo, mama. Tumemaliza."

Nyuma ya kiti alisimama Namsifu, mama wa mtoto, fundi wa gata za kukingia mvua na matanki ya maji ambaye nusu ya mji wa Ndorwe ilimfahamu kwa ngazi yake. Mkononi alishika Kadi ya Malezi, inayomhesabia mzazi alama moja kwa kila tundu la mwanawe. Alipokuja ilikuwa ya njano. Sasa, bila mtu kuigusa, iligeuka nyekundu kuanzia pembeni hadi katikati.

"Nane," alisema Namsifu. "Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Kikao cha Malezi ni Ijumaa."

"Daktari, mimi sukari siingizi ndani kwangu. Mwaka wa pili huu. Chai tunakunywa chungu hivyo hivyo. Muulize mwenyewe."

"Nililamba asali kwa bibi," alisema Naetwe, akionekana mwenye hatia. "Siku mdogo wangu alipobatizwa. Kidole kimoja."

Nakijwa hakucheka. Kwa miezi mitano tangu ahamishiwe Ndorwe alikuwa akisikia maneno yale yale kutoka kwa kina mama tofauti, na kila mara alijiambia kwamba mzazi akitishiwa kunyang'anywa mtoto atasema lolote. Lakini leo kulikuwa na jambo lililomkwaza. Kisomajino, ile mashine nyembamba kama kalamu, ilikuwa na safu tano za majibu. Safu ya kwanza ilitaja tundu. Ya pili ilipima mate, ya tatu wadudu wanaokula sukari, na ya nne ilikadiria sukari ambayo mtoto alikuwa akila. Mate ya Naetwe yalikuwa machache mno kwa mtoto wa umri wake. Wadudu walikuwa wachache pia. Hata hivyo safu ya nne iliandika: SUKARI NYINGI. Ilikuwa imepangwa hivyo. Mtoto akiwa na matundu, mashine ilihesabu kwamba alikula sukari, kwa sababu haikuwa na kosa jingine la kumtwika mzazi.

Safu ya tano, ya madini, ilikuwa imefungwa. Kwa wagonjwa, ilifunguliwa kwa namba ya siri ya mkuu wa kliniki peke yake.

"Naetwe, hili la mbele linacheza?"

"Linacheza sana. Nilitaka nilitoe mwenyewe."

Nakijwa alilizungusha kwa kitambaa, likatoka bila kilio. Kwa kawaida angempa mtoto akalitupe juu ya bati, kama watoto wote wa Ndorwe walivyofanya, na kuomba jipya. Badala yake aliliweka kwenye kijisahani cha mashine. Kioo kikauliza: JINO LA MGONJWA AU LA MAABARA? Kidole chake kikasita kidogo. Akabonyeza MAABARA, na safu zote tano zikafunguka.

Mwanga mwembamba ulianza kulikwangua jino, tabaka kwa tabaka, kila tabaka jembamba kuliko unywele, huku mashine ikinusa mvuke uliotoka. Jino la mtoto hukua kwa matabaka, na kila tabaka hubaki na alama ya kile kilichokuwa kwenye damu siku lilipojengwa. Katikati kuna mstari mmoja mweusi unaowekwa siku mtoto anapozaliwa. Kabla ya mstari huo, mashine ilionyesha risasi kidogo. Baada yake ilipanda. Ikashuka, ikapanda tena, mara nne, kama mtu anayepanda vilima, na kila kilima kilikuwa kirefu kuliko kilichopita.

Nakijwa alihesabu umbali kati ya vilima. Ulikuwa mwaka mmoja. Kila kilima kiliangukia masika.

"Mama Naetwe," alisema polepole, "mwanao ana risasi mwilini."

Namsifu alimrukia mtoto na kuanza kumpapasa mgongo. "Risasi? Nani kampiga? Lini?"

"Siyo ya bunduki. Ni madini. Yale yanayoyeyushwa kule kwenye tanuri la betri. Mwili hauwezi kuyatofautisha na chokaa ya kujengea mifupa, kwa hiyo unayachukua na kuyajengea meno. Jino linalojengwa hivyo huwa dhaifu, na mate yanayopaswa kulilinda yanapungua. Linaoza hata kwa ugali."

Namsifu alimwachia mtoto mgongo. Kisha akauliza, "Yanamwingia kwa njia gani? Mtoto hajawahi kufika tanurini."

"Wakati wa masika mnakunywa maji ya wapi?"

Namsifu alitazama viganja vyake mwenyewe, vilivyojaa makovu ya mabati.

*

Mzee Senkondo Mbwambo, mkuu wa kliniki, hakushangaa. Hilo ndilo lililomtisha Nakijwa kuliko yote.

"Keti, binti yangu," alisema baada ya kuangalia karatasi ya matokeo. Alikuwa mtu mpole aliyebakiza miezi michache astaafu. Dirishani kwake lilionekana bomba refu la tanuri, na chini yake vilima vya betri za zamani za sola, zile za maji ya asidi, zilizoletwa kutoka nchi nzima tangu ilipopigwa marufuku kuzitupa ovyo.

"Ulijua, mzee?"

"Mwaka wa nne sasa."

"Na ukawa unaandika sukari?"

"Unafikiri mwanzoni sikuandika ukweli? Niliiandikia Idara ya Malezi. Walinijibu kwamba safu ya tano ni kwa ajili ya utafiti, na utafiti bado haujakamilika. Nikaandika tena. Wakaifunga safu." Alivua miwani. "Basi nikakaa nikafikiri. Mtoto akifikisha alama nane anapelekwa Bweni la Malezi, huko mlimani. Huko kuna maji ya chemchemi, maziwa na maharage. Hakuna vumbi. Anakaa miezi sita. Unanielewa? Sheria ile ile ya kijinga ilikuwa ni mlango, nami nikaufungua. Nimetoa watoto sitini na mmoja kwenye hili vumbi, Nakijwa. Wewe umetoa wangapi?"

Nakijwa alihisi uso ukimwaka. "Na mama zao?"

"Wanalia. Wanabaki hai."

"Kuna mama aliacha kumpa mwanawe hata papai. Nimemwona. Mtoto mifupa mitupu, mama anadhani anamponya. Na baada ya miezi sita?"

Mzee alianza kufuta miwani yake.

"Baada ya miezi sita wanarudi wapi, mzee?"

"Wanarudi hapa," alisema. "Lakini miezi sita ni miezi sita. Ukiandika risasi Ijumaa, alama za Namsifu zinafutwa. Mtoto habebwi. Anabaki kunywa yale maji, na masika yanaanza wiki ijayo. Wewe utanyang'anywa leseni kwa kufungua safu. Tanuri halitazimwa kwa karatasi ya daktari mmoja. Ukiandika sukari, Jumatatu Naetwe anakunywa maji safi. Mimi sikulazimishi. Kalifikirie usiku."

Nakijwa alisimama. Alitaka kumchukia, akashindwa. Kwa kadiri alivyolipindua lile jambo kichwani, mzee alikuwa sahihi nusu, na nusu hiyo ilikuwa na uzito wa mtoto mzima.

"Sina la kufikiria," alisema mwishoni. "Si mwanangu. Namwendea mwenye mwana."

*

Namsifu alimsikiliza akiwa ameketi kwenye kipandio cha tatu cha ngazi yake, uani kwake, mchana kweupe. Nakijwa alimweleza yote bila kuficha: uongo wa mzee na sababu yake, mlango wa mlimani, na kwamba ukweli ungemwacha Naetwe mjini.

"Kwa hiyo nikikubali kuitwa mama mzembe, mwanangu anapata maji safi."

"Kwa miezi sita. Ndiyo."

"Na nikikataa, najenga jina langu juu ya meno yake."

"Hivyo ndivyo mzee anavyoona."

"Wewe je?"

"Mimi nilitaka uamue ukiwa unajua. Wale sitini na mmoja hawakupewa nafasi hiyo."

Namsifu alinyanyua macho kwenye paa. Gata mpya, iliyonyooka vizuri, ilizunguka nyumba nzima na kuingia kwenye tanki jeusi. "Hizi gata za mtaa huu nimezifunga mimi," alisema. "Zote. Vumbi linatua juu ya bati kiangazi kizima, mvua ya kwanza inalikokota hadi kwenye tanki, na mimi nilikuwa najisifu kwamba kwangu halipotei hata tone. Daktari, nimewamiminia watoto wa watu sumu vinywani kwa mikono yangu, na huku naandikiwa kosa la pipi."

"Hukujua."

"Sasa najua." Alishuka. "Sukari siiungami. Mwanangu akienda mlimani bila mimi, akiambiwa mama yake ndiye aliyemwozesha, atapona meno na atakuwa ameoza mahali pengine. Hicho kikao chenu kinataka nini ili kiamini?"

"Jino moja hawataliamini. Watasema ni la mtoto mmoja, nyumba moja. Ningehitaji meno mengi, ya mitaa yote, na ya miaka tofauti. Sina."

Namsifu alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba hakuna mchanga mtoni.

"Daktari," alisema, "unafikiri meno ya watoto wa Ndorwe yanaenda wapi yakishang'oka?"

Siku nzima ya Alhamisi mji ulikuwa juu ya mapaa. Namsifu alianza na mtaa wake, nyumba kwa nyumba, akieleza kwa sauti ambayo haikujali nani anasikia. Kufikia adhuhuri kulikuwa na ngazi thelathini zilizoegemea kuta, na akina baba waliotoka zamu ya tanuri walikuwa wamepiga magoti kwenye mabati ya moto wakichokoa tope la gata kwa vijiko. Meno yalipatikana kwenye viungio vya gata, chini ya misumari, kwenye vichujio vya matanki. Kila jino lilifungwa kwenye karatasi yenye jina la nyumba na la mtoto. Mwanamke mmoja mwembamba, Elinaja, alileta lake likiwa ndani ya kitambaa cha kichwa.

"La mwanangu Kiure," alisema. "Miaka miwili iliyopita walimpeleka mlimani. Aliporudi alikuwa haniiti mama. Daktari, lisome na hili."

Walipata meno mia mbili na kumi na manne.

*

Mwenyekiti wa kikao alikuwa mwanamke wa makamo aliyetumwa kutoka wilayani, mwenye haraka na faili saba. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mzee Senkondo alikaa mezani kulia kwake. Desturi ilikuwa daktari asome jina, mashine ionyeshe matundu ukutani, mzazi aseme neno lake, na gari limpeleke mtoto mlimani.

"Naetwe, binti wa Namsifu," alisema Nakijwa. "Matundu manane. Sababu siyo sukari."

"Daktari, safu ya nne inasema sukari."

"Safu ya nne inakisia. Naomba niwaonyeshe inayopima."

Aliliweka jino la kwanza kwenye kijisahani, akabonyeza MAABARA, na vilima vikatokea ukutani, virefu kama mtu. Akaweka la mtaa wa sokoni. Vilima. La mtaa wa shule. Vilima. Watu walianza kunong'ona.

"Meno haya yamelala juu ya mabati," alisema mwenyekiti. "Kama mabati yana vumbi la risasi, basi meno yamepakwa. Hata mimi nisiye daktari naliona hilo."

"Swali zuri," alisema Nakijwa, na alimaanisha. "Ndiyo maana mashine inaliondoa tabaka la nje kwanza. Tunasoma ndani, ambako vumbi haliingii jino likishakomaa. Tazama hili. Ni la mtoto aliyehamia hapa akiwa na miezi mitano." Ukutani mstari ulitambaa chini, tambarare, ukavuka mstari wa kuzaliwa ukiwa bado tambarare, ukaenda kidogo, kisha ukapaa. "Vumbi la juu ya bati halijui mtoto alihama lini. Damu yake ilijua. Na hili hapa ni la kijana ambaye leo ana miaka kumi na tisa. Aliling'oa kabla tanuri halijajengwa." Mstari ulikwenda chini kabisa, mwanzo hadi mwisho, kama maji yaliyotulia.

Mwenyekiti aliugeuzia ukuta mgongo.

"Nani alikuruhusu kufungua safu ya tano?" aliuliza mwenyekiti.

"Hakuna."

"Mkuu wa kliniki, ifunge hiyo mashine. Daktari, leseni yako nitaondoka nayo."

Nakijwa aliivua shingoni na kuiweka mezani kabla hajaombwa mara ya pili. Mzee Senkondo aliinuka, akasogea hadi kwenye mashine na kuanza kuingiza namba yake. Akakosea, akarudia. Ukuta ukawa mweupe.

Alipogeuka kurudi kitini, Elinaja alikuwa amesimama katikati ya njia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Wewe ndiye uliyemwandika Kiure. Nakuuliza mbele ya watu. Mwanangu alikula sukari?"

Mzee aliangalia sakafu, akamwangalia mwenyekiti, akamwangalia tena yule mama.

"Hapana," alisema.

"Sema wasikie."

"Hapana! Hakula. Wala yule wa kabla yake. Hakuna hata mmoja aliyekula. Niliwaandika ili watoke hapa. Nilidhani nawaokoa."

Elinaja hakupiga kelele. Alijishika kifuani, akaketi pale pale alipokuwa, na wanawake wawili wakaketi naye. Mahali fulani nyuma mwanamume alianza kulia kwa sauti nzito, isiyozoea kulia.

Mwenyekiti alizifunga faili zake. Kikao kinaahirishwa, alisema. Tume itaundwa. Itachunguza kwa miezi sita. Hadi hapo alama zote zinabaki kama zilivyo, na watoto wanabaki majumbani kwao.

"Masika ni wiki ijayo," alisema Namsifu.

"Tume itazingatia hilo."

"Haitalizingatia tumboni mwa mwanangu." Namsifu alipanda juu ya benchi. Hakuwa mtu wa hotuba. Alizungumza kama anavyomweleza mteja wapi bati linavuja. "Jamani, mlimani kuna maji safi na vitanda. Walitaka kutupelekea watoto wetu kwa kutuita wazembe. Basi tuwapeleke wenyewe, tukiwa na majina yetu. Mimi naondoka saa nne kesho asubuhi. Anayekuja na aje na sufuria."

*

Walipanda familia themanini na mbili siku ya kwanza. Njia ilikuwa ya saa tano, na walipofika geti la Bweni la Malezi mlinzi alitoka, akaona mstari ulivyopinda hadi chini ya kona, akasahau kufunga geti nyuma yake.

"Nani kawaleta?"

"Meno," alisema Naetwe, aliyekuwa mbele, akamwonyesha pengo.

Mlezi mkuu alikuja mbio. Nafasi zilikuwa za watoto arobaini, alisema, na wazazi hawaruhusiwi, na barua iko wapi? Nakijwa, aliyepanda nao, alimpa orodha ya meno na vipimo vyake vya risasi. Mlezi aliisoma yote akiwa amesimama. Alikuwa amewalea wale sitini na mmoja, akawafunga mablanketi, akawafundisha kupiga mswaki kwa ajili ya sukari ambayo hawakuwahi kuila.

"Vitanda havitoshi," alisema.

"Tutabanana," alisema Namsifu, na mstari ukaanza kuingia.

Wiki ya tatu tanuri lilizimika. Hakuna aliyeamuru. Wapakuzi na wachomaji walikuwa mlimani na watoto wao, na moto usiolishwa haukai. Wenye tanuri walituma ujumbe, kisha wakatuma kipaza sauti kinachoruka, kikazunguka juu ya bweni siku mbili kikiahidi mapipa ya maji kwa kila mtaa. Namsifu alikitupia jiwe, akakikosa, akakitupia jingine. Mzee Senkondo alipanda peke yake mwishoni mwa mwezi, akiwa na sanduku la vifaa vya meno. Hakuna aliyempokea kwa furaha, na hakuna aliyemfukuza. Elinaja alimwonyesha mahali pa kuchotea maji ya kunawa mikono.

Nakijwa hakuwadanganya watu. Aliwaambia kwamba maziwa na maharage yanauzuia mwili kuichukua risasi mpya, lakini iliyokwisha kujengewa mifupani haitoki yote, na kwamba meno ya ukubwani ya baadhi ya watoto yataota na madoa. Gego jipya la Naetwe lilikuwa tayari na doa la kahawia. Aliliziba akiwa amepiga magoti kwenye baraza, bila leseni, bila kisomajino, huku mtoto akimkandamiza bega.

Ndipo barua ya Idara ilipofika. Aliisoma kwa sauti, kwa kuwa kila mtu alikuwa akitazama. Idara ilikuwa tayari kumrudishia leseni na mashine mpya. Alitakiwa kutia saini mstari mmoja tu: kwamba usomaji wa meno ya Ndorwe ulikuwa kosa la maabara.

"Mashine tunaihitaji," alisema Mzee Senkondo taratibu. Alikuwa akisema kweli. Watoto wengine walikuwa wanafika kila wiki.

"Tunaihitaji," alikubali Nakijwa.

Aliiweka barua kwenye meza ya kulia chakula. Kwenye nafasi ya saini aliandika jina la Naetwe, umri wake, na kipimo cha risasi alichokikumbuka kwa kichwa. Kisha akampa kalamu Namsifu. Namsifu alitia saini kando ya jina la mwanawe, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwa chaki juu ya bati, akampa Elinaja. Elinaja aliandika Kiure. Akina baba wakajipanga nyuma yao, na nyuma ya akina baba watoto waliojua kuandika majina yao wenyewe.

Karatasi ilipojaa, Nakijwa aliigeuza upande wa pili na kumkabidhi aliyefuata.